Bustani ya Mboga ya Nyumbani na Akiba ya Mbegu

(Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu ya Ushirika mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu.)



Leo zimesomwa hesabu nyingi za miaka kumi: kahawa iliyopokelewa, malipo yaliyotolewa, maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa. Hesabu hizo ni fahari yetu sote. Lakini Kamati ya Elimu imeagizwa iseme habari za hesabu nyingine, isiyoandikwa katika daftari lolote la Chama, nayo ni hesabu ya chungu cha mboga katika nyumba ya mwanachama.

Kahawa huvunwa kwa msimu, na malipo yake huja kwa msimu. Chungu huinjikwa kila siku. Tuseme nyumba moja hununua mboga ya shilingi 1,000 kwa siku. Kwa siku 365 itakuwa imetoa shilingi 365,000. Kila mwenye nyumba na aichukue hesabu hii, aibadili kwa kadiri ya matumizi yake mwenyewe, kisha ailinganishe na stakabadhi zake za kahawa. Wengi wetu tutaona ya kwamba sehemu isiyo ndogo ya jasho la mwaka imekwenda sokoni fungu kwa fungu, nasi tunakaa katika udongo mzuri wa miteremko ya Mlima Meru, ambako majani yale yale yangeweza kuota nyuma ya jiko.

Wala hasara si ya fedha peke yake. Fedha ikipungua nyumbani, mboga ndiyo hupunguzwa mapema, na watoto hula ugali au ndizi kwa mchuzi mwepesi. Shirika la Afya Duniani limeshauri mtu mzima ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kwa siku. Majani ya kijani kilichokolea, kama mchicha, mnavu na majani ya kunde, yana madini ya chuma, yana vitamini C, na yana ile asili ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, iliyo kinga ya macho ya mtoto. Yakipikwa kwa mafuta kidogo mwili huifaidi asili hiyo vizuri zaidi.

Basi shauri letu ni hili: kila nyumba ya mwanachama iwe na bustani ya mboga, na bustani hiyo ianze kwa mbegu ambayo nyumba yenyewe yaweza kuitunza na kuipanda tena. Twalikazia neno hili la mbegu kwa sababu bustani nyingi huanza kwa shangwe zikafa katika msimu wa pili. Udongo ungalipo na mvua imenyesha, lakini pakiti ya mbegu imekwisha, na siku ya kusia ikifika hapana fedha ya kununua nyingine.

Kabla ya kuhesabu matuta, mtu na ahesabu ndoo za maji. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, wakati wa kiangazi, lataka maji kama lita 20 hadi 25 kwa siku, yaani ndoo moja kubwa na pengine zaidi kidogo. Nyumba iwezayo kutenga ndoo mbili kila siku na ianze kwa matuta mawili. Ikilima matuta sita, yote sita yatakauka pamoja. Maji yaliyooshea mboga au mchele yafaa kumwagilia. Maji ya sabuni yasimwagwe juu ya majani ya kuliwa. Upana wa tuta usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo uliolainishwa.

Pahali pa bustani pawe na jua. Katika mashamba yetu ya migomba na kahawa kivuli ni kingi, nayo mboga iliyonyimwa jua hurefuka shina na kukosa majani. Pachaguliwe pahali panapopata jua angalau nusu ya siku, karibu na jiko na karibu na maji, tena pazungushiwe wigo madhubuti, kwa maana kuku mmoja hufukua katika nusu saa kazi ya siku nzima. Udongo ulimwe kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, kisha uchanganywe na samadi iliyoiva, kama nusu debe kwa kila mita moja ya mraba. Samadi mbichi haifai, kwa kuwa huunguza mizizi na huleta magugu.

Sasa yatubidi tuchague mboga za kuanzia. Kwa mwaka wa kwanza twapendekeza nne tu: mchicha, mnavu, kunde na nyanya isiyo chotara. Sababu ya kuzichagua ni kwamba zote nne hutoa mbegu hapa hapa kwetu katika msimu uo huo zilipopandwa. Kabichi, karoti na vitunguu ni mboga nzuri, lakini kwa kawaida huhitaji kupitia kipindi cha baridi kabla ya kutoa maua na mbegu, na kazi hiyo ni ngumu kwa nyumba inayoanza. Mwenye kuzipenda na azinunulie mbegu, akijua ya kwamba atanunua tena.

Mchicha na mnavu zilikuwa zikidharauliwa zamani, zikiitwa mboga za maskini au magugu ya shambani. Dharau hiyo haina msingi, na wataalamu wamelionyesha hilo papa hapa jirani. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho siku hizi huitwa World Vegetable Center, kilianzishwa Taiwan mwaka 1971, na mwaka 1992 kikafungua kazi zake Arusha. Hapo zimekusanywa na kuhifadhiwa mbegu za mboga za asili za Afrika, mchicha na mnavu zikiwamo. Katika kazi ya utafiti ya Tengeru zilitoka pia nyanya mbili zinazojulikana sana kwa wakulima wetu, Tanya na Tengeru 97, zilizoidhinishwa mwaka 1997. Hizo si chotara, na mkulima aweza kutunza mbegu yake.

Mbegu ikiisha kupatikana, isisiwe kabla ya kujaribiwa. Hesabu mbegu 20, uzitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, uzifunike, na uzitunze zisikauke. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu zilizoota. Zikiota 16 au zaidi, mbegu ni njema. Zikiota 10 hivi, itakubidi usie kwa wingi mara mbili. Zikipungua sana chini ya hapo, tafuta nyingine. Jaribio hili halina gharama, nalo huokoa mwezi mzima wa kungoja kitalu kisichoota.

Mchicha husiwa moja kwa moja katika tuta. Mbegu yake ni ndogo mno, hata gramu moja huwa na mbegu zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo ichanganywe na mchanga mkavu ili isimwagike yote pahali pamoja. Chora mistari iliyoachana kwa sentimita 20, nyunyiza, kisha funika kwa udongo mwembamba sana. Kanuni ya mbegu zote ni kwamba kina kisizidi mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Baada ya wiki tatu au nne mchicha huwa tayari kung'olewa, au hukatwa juu ili uchipue tena. Usisie tuta zima kwa siku moja. Sia sehemu moja, na baada ya wiki mbili sia nyingine, ili mboga isiwe tele mwezi huu na haba mwezi ujao.

Kunde nazo hupandwa moja kwa moja, mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita 3, na kati ya shimo na shimo sentimita 20 hadi 30.

Mnavu na nyanya huanzia kitaluni. Kitalu kiwe na udongo laini uliochanganywa na mboji, na mistari iachane kwa sentimita 10 hadi 15. Mbegu ifunikwe kidogo, kisha kitalu kitandazwe nyasi kavu na kumwagiliwa kila siku kwa maji mepesi. Mara miche inapochomoza nyasi ziondolewe, na kijengwe kichanja cha kivuli kisicho kizito. Maji yakizidi na miche ikisongamana, huja ugonjwa uitwao kinyausi, ambao huozesha shingo ya mche ukaanguka. Dawa yake ya kwanza ni kuipunguza miche, kumwagilia asubuhi badala ya usiku, na kutosia pahali pale pale kila msimu. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza kivuli na maji kidogo kidogo ili miche izoee jua. Baada ya wiki nne hadi sita ihamishwe wakati wa jioni, mnavu kwa nafasi ya sentimita 30, na nyanya sentimita 50 hadi 60. Twaongeza onyo moja: watoto wakatazwe kula tunda bichi la mnavu, kwa maana lina sumu.

Ndugu wanachama, hapa ndipo wengi hukoma, wakachuma na kula mpaka tuta likaisha. Sisi twawaomba mwendelee hatua moja zaidi. Mara mboga zinapokua, kabla hamjachuma sana, tembeeni bustanini na mfunge uzi au kitambaa kwenye mashina yaliyo bora kuliko mengine, yenye afya, majani mapana na matunda mazuri. Hayo ndiyo ya mbegu, nayo yasichumwe. Desturi ya wengi ni kula yaliyo mazuri na kuacha yaliyodumaa yazae mbegu. Kwa njia hiyo bustani hudhoofika mwaka hata mwaka, tukalaumu udongo.

Katika mchicha msichague shina linalowahi kutoa maua, kwa kuwa watoto wake nao watawahi, na majani yatakuwa machache. Chagueni yanayochelewa, tena mashina yasiyopungua kumi, maana mbegu ya shina moja peke yake ni msingi mwembamba. Ng'oeni mchicha pori ulio karibu kabla haujachanua, usije ukachanganya uzao. Kunde ziachwe zikauke mitini. Mistari ya mbegu isichumwe majani mengi, kwa kuwa jani likiondolewa na tunda hupungua.

Nyanya ya mbegu iive kabisa. Kamua mbegu pamoja na utelezi wake katika kikombe, uiache siku mbili au tatu huku ukikoroga, mpaka utelezi uachane na mbegu. Kisha osha kwa maji safi na uanike juu ya sahani, si juu ya karatasi, kwa maana itagandamana nayo. Mnavu hufanyiwa hivyo hivyo, ila siku moja yatosha. Mbegu zote zikaushwe kivulini penye upepo. Jua kali la mchana lisizichome.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya mbegu huoza ikiwekwa na unyevu. Wataalamu wa mbegu hufuata kanuni ya kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, umri wake huongezeka kama mara mbili. Kwa hiyo kaushieni vema, mtie katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, na mwiweke pahali pa baridi na giza, mbali na moshi na joto la jiko. Kunde zichanganywe na majivu makavu yaliyochungwa, ili wadudu watoboao wasiziharibu. Tena mjue umri: mbegu ya nyanya iliyotunzwa vizuri hudumu miaka mitatu au minne, bali ya kitunguu hufifia baada ya mwaka mmoja hivi. Juu ya kila chupa iandikwe jina la mboga, mwezi na mwaka wa kuvuna. Sisi wa ushirika twajua ya kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Huenda mtu akauliza: je, mbegu chotara ni mbaya? La. Mwenye shamba la nyanya za kupeleka sokoni aweza kupata faida nyingi kwa chotara, maana huzaa sana na nyingine zimefanywa ili zistahimili maradhi fulani. Ila ajue ya kwamba mbegu itokayo katika tunda la chotara haitazaa sawasawa na mama yake, kwa hiyo atanunua kila msimu. Gharama hiyo ni ya biashara, na hulipwa kwa fedha ya biashara. Chungu cha nyumbani kisitegemee gharama ya namna hiyo. Anunuaye na anunue katika duka lililosajiliwa, asome tarehe ya mwisho wa matumizi, na atazame alama ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu iliyotiwa rangi ina dawa. Isiliwe, wala kuku wasipewe.

Sasa twaja kwa neno ambalo Kamati imelizungumza kwa muda mrefu, nasi twaomba lisikilizwe kwa upole. Bustani ya mboga yahitaji kipande cha ardhi kilicho karibu na maji, na katika nyumba nyingi ardhi ya namna hiyo imeshikwa na kahawa, nayo kahawa imeandikwa kwa jina la baba. Mama huambiwa alime mboga pahali palipobaki, penye mawe au kivuli. Akifanikiwa hata pale, na mboga ikaanza kuuzwa, mara nyingine huambiwa ya kuwa kipande kile chahitajiwa kwa kazi nyingine. Mambo haya yapo, na mkutano huu ni wa watu wazima, kwa hiyo twayasema waziwazi. Twawasihi akina baba watoe kipande kizuri, mita 10 za mraba zatosha kwa kuanza, wakitoe mbele ya watoto, na wasikitwae tena. Mapato yake yabaki mkononi mwa yule alimaye. Mche wa kahawa hautakosa chakula kwa ajili ya matuta mawili, lakini mtoto aweza kukosa kwa ajili ya kunyimwa matuta hayo.

Mwisho, twaleta pendekezo mbele ya Chama Kikuu. Kila Chama cha Msingi kiwe na sanduku la mbegu, lenye chupa za mboga zile nne, na mtunzaji aliyechaguliwa na wanachama. Nyumba isiyo na mbegu ikopeshwe kijiko kimoja, na baada ya mavuno irudishe viwili. Mbegu irudishwayo ijaribiwe kwa kitambaa kama tulivyoeleza, iandikwe, na ikiwa imetoka katika shamba lenye ugonjwa isipokelewe. Sanduku hili liwe la kusaidiana tu. Kuuza mbegu ni jambo jingine, lenye Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na masharti yake, na chama kitakachotaka kufika huko hakina budi kumwona bwana shamba au bibi shamba kwanza na kufuata njia iliyowekwa.

Lakini sanduku lisichukue nafasi ya chupa ya nyumbani. Wazee waliomo humu wanakumbuka ya kuwa mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na kwamba vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ile wakulima waliona jinsi kazi ya miaka mingi iwezavyo kusimama kwa amri moja. Mbegu iliyo katika ghala moja yaweza kuungua, kuliwa na panya, au kusahauliwa. Iliyo katika nyumba mia haiwezi kupotea yote kwa siku moja, na jirani aliyepoteza ya kwake atapata kwa jirani.

Basi twaomba mambo mawili. Kabla ya mvua za vuli za Oktoba, kila nyumba iwe na tuta moja lililolimwa na kutiwa samadi, na kila Chama cha Msingi kiwe kimemchagua mtunzaji wa sanduku. Katika Mkutano Mkuu ujao, baada ya hesabu za kahawa kusomwa, isomwe na hesabu ya nyumba zilizovuna mbegu zao wenyewe. Hata ikiwa ni nyumba ishirini tu, zisomwe kwa sauti, ili wengine wajue pa kwenda kuomba kijiko.